Kupima Kengele ya Parokia ya Kijijini

Nikiwa Lubumbashi, kazi yangu ni kukusanya historia za parokia za vijijini katika Katanga, na kengele imekuwa shahidi ninayemtegemea sawa na daftari za ubatizo. Daftari husema nani alibatizwa na kwa mkono wa padri gani. Kengele huonyesha njia iliyopitishwa, uwezo wa waliochanga fedha na jinsi ilivyotumika miaka na miaka. Wanaoandaa kijitabu cha jubilei kwa kawaida huanza na orodha ya mapadri na kuishia hapo hapo. Ningependa waanze kwa kupanda mnarani.

Jambo la kwanza ni uzito. Tuangalie Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, kisha mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie. Wakati huo vitu vya Ulaya vilishushwa pwani ya Bahari ya Hindi, vikabebwa kwa miguu na wapagazi kupitia Tabora hadi ziwani, ndipo vikavushwa kwa chombo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Nguo na shanga hugawanyika, kengele haigawanyiki. Kwa hiyo misioni za siku zile zilitegemea kengele ndogo, za kubebwa na mtu mmoja au za kuning'inizwa kwenye mti juu ya mabega ya watu wachache. Reli ndizo zilizobadilisha hali hiyo: ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 kutoka kusini, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1915 Kabalo ikaunganishwa na Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Ndiyo maana nikikuta kengele ya kilo 300 kando ya ziwa, hutafuta tarehe yake baada ya miaka hiyo, hata wazee wakisema ililetwa na mapadri wa kwanza. Sisemi kwamba wazee wanadanganya, kwa maana huenda kengele ya kwanza ilikuwepo kweli, kisha ikahamishiwa shuleni au kwenye kigango.

Si lazima kuishusha ili kuipima. Pima kipenyo cha mdomo wake, ukingo hadi ukingo: kengele ya kawaida yenye kipenyo cha mita 1 huwa na kilo 600 hivi, na kipenyo kikipungua nusu, uzito hubaki sehemu moja ya nane. Kengele ya sentimita 50 ina kilo 75 hivi, na ya sentimita 40 inakaribia kilo 40. Makadirio haya hukosea kidogo ikiwa kengele ni nene au nyembamba mno, lakini yanatosha kutofautisha mzigo wa mpagazi na mzigo wa behewa.

Madini yake ni shaba nyekundu, karibu sehemu nne katika tano, na iliyobaki ni bati litokanalo na kasiterite, jiwe lenye madini ya bati. Bati huipa kengele ugumu na mlio unaodumu, lakini pia huifanya iwe rahisi kupasuka. Mababu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba karne nyingi kabla ya tanuru la Lubumbashi kuwashwa mwaka 1911, nami huona wajukuu wao wanastahili kuelezwa habari hii kanisani.

Kisha soma maandishi yake, ambayo mara nyingi hutaja mtengenezaji, mtakatifu na mwaka. Huo ni mwaka wa kumiminwa, si wa kufika. Tarehe ya kubarikiwa itafutwe katika shajara ya misioni. Katika ibada ya zamani askofu aliiosha kengele, akaipaka mafuta ya wagonjwa mara saba kwa nje na krisma, yaani mafuta matakatifu yaliyobarikiwa na askofu, mara nne kwa ndani, na kwa hiyo waamini walisema imebatizwa.

Kengele hiyo haikuita watu kwenye Misa na sala ya Malaika wa Bwana peke yake. Iligawa pia saa za shule na za kazi, na Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati za kisasa kupewa upadri, tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, yaani Moba ya leo, alisoma Mpala chini ya ratiba ya namna hiyo. Angalia mahali ulimi unapogonga: shimo lililochimbika pale ni kumbukumbu ya matumizi hayo. Katika vigango, katekista hugonga kipande cha reli au rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, na hivyo navyo huviandika, kwa kuwa vimekusanya waamini kwa miaka mingi.

Mlio ukiwa mkavu, usiodumu, tafuta ufa. Msiipeleke kwa fundi wa kulehemu magari, kwa sababu joto kali la mahali pamoja huurefusha ufa; kengele hulehemewa na mafundi wanaoipasha moto yote kwanza. Msiipake rangi pia, maana rangi hufunika maandishi. Ipigeni picha pande zote, fungeni ulimi, na mpaka fundi wa kengele apatikane, katekista atumie reli.