Kumeza hasira si ukandamizaji wa Freud

Mtu akitukanwa na bosi wake, akameza hasira na kwenda zake, wengi husema "amekandamiza hisia". Kwa maana ya Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya uchambuzi wa nafsi, hapana. Huyo anajua fika kwamba amekasirika, amejizuia tu. Ukandamizaji aliouandika Freud katika makala yake ya 1915 hufanyika bila mwenyewe kujua: wazo linalotisha au kuaibisha husukumwa nje ya fahamu, na anayelisukuma hana habari. Ukimwuliza, atakuapia kwamba hana kinyongo na mtu, wala haongopi.

Hapo ndipo pia penye ubishi. Kumbukumbu izikwe miaka na miaka, kisha ifukuliwe ikiwa nzima? Wanasaikolojia wengi wana shaka, nami nipo upande wao. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio la watu 24 walioambiwa kwamba utotoni walipotea madukani, jambo ambalo halikutokea. Takriban robo yao "walilikumbuka", lote au sehemu yake.

Kwenye siasa neno ni lilelile, ila huko kukandamiza ni kwa makusudi. Na si lazima risasi zilie. Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, ilikuwa na agizo la 1976 la kumvuruga mpinzani kimyakimya: kumchafulia jina, kumharibia kazi, kumgombanisha na rafiki zake. Wengine walidhani ni mkosi tu, hadi majalada yalipofunguliwa mwaka 1992.