Kipande cha tatu

Vifaa vyangu vya kufundishia fizikia ya kwantumu vinaenea kwenye bahasha moja ya kaki. Nilivipata kwa fundi televisheni Kariakoo aliyekuwa na rundo la skrini bapa zilizopasuka. Kila skrini ya aina ile ina utando wa plastiki wa rangi ya moshi mbele ya kioo, na mwingine nyuma yake. Ukiupasha moto kidogo unabanduka, ila gundi yake ni kero ya siku nzima. Fundi aliniuliza nautakia nini. Nikamwambia ni wa maabara ya chuo kikuu. Akacheka sana, kisha akanipa bure.

Wanafunzi wa sekondari wanapotutembelea, nawapa vipande viwili, waweke kimoja juu ya kingine na kutazama dirishani. Wanaona nje vizuri. Sasa zungusha kimoja taratibu: mwanga unafifia, unafifia, na kikifika nyuzi 90 ni giza. Hapo nauliza: nikipenyeza kipande cha tatu katikati ya hivi viwili, itakuwaje? Sijapata darasa ambalo halikujibu kwa sauti moja kwamba giza litazidi. Nakipenyeza, nimekilaza nyuzi 45, na dirisha linarudi.

Kelele za hapo huwa tamu, lakini nazikatiza. Wanaamini utando ni chekeche: kinachopita kinapita kama kilivyokuwa. Sivyo. Kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikifika kwenye utando ni kama inaulizwa swali lenye majibu mawili tu, kupita au kutopita, na ikipita inatoka mtetemo wake umelala upande wa utando uliouliza. Nusu ya mwanga wa jua inapita kipande cha kwanza. Fotoni zilizopita, zikikutana na kipande kilicholala nyuzi 45, kila moja ina nafasi sawa ya kupita au kuishia pale. Zinazopita zimeshalala nyuzi 45, kwa hiyo mbele ya kipande cha mwisho bahati ni nusu kwa nusu tena. Nusu ya nusu ya nusu: moja ya nane. Kwenye plastiki ya Kariakoo ni pungufu ya hapo, maana nayo inakula mwanga.

Wanafizika wenzangu watanikamata hapa, na wana haki. Mwanafizikia Mfaransa Malus aliijua kanuni hii ya mwanga kupungua kwa pembe mwaka 1809, bila fotoni, na mawimbi ya mwanga yanaieleza bila shida. Kwantumu inaanza pale unapopunguza mwanga hadi fotoni zije mojamoja. Wimbi linaweza kubaki nusu, fotoni haiwezi: kigunduzi, kifaa cha kudaka fotoni mojamoja, kinalia au hakilii, na hakuna hesabu itakayokwambia mapema kwa fotoni hii ya sasa hivi. Kigunduzi cha namna hiyo sina, na wanafunzi nawaambia wazi kwamba sehemu hiyo hatujaiona dirishani.

Kutoka hapo naingia kwenye siri. Mwaka 1984 wanasayansi Charles Bennett na Gilles Brassard walionyesha namna ya kugawana ufunguo wa siri (namba za kufichia ujumbe) kwa fotoni ambazo mitetemo yake imelazwa pande mbalimbali. Mwizi akizidaka njiani lazima aziulize swali, na hajui ni swali lipi, yaani utando wake aulaze nyuzi ngapi. Akibahatisha kwa kila fotoni kisha akatuma nyingine badala yake, robo ya ufunguo inatoka na makosa, na wenyewe wakilinganisha sehemu yake wanagundua. Tunaucheza mchezo huu kwa kurusha sarafu. Mwizi hukamatwa kabla ya chai ya saa nne. Mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walitumia teknolojia hii Durban kulinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida. Wavulana waliokuwa wanasinzia huamka kwenye neno Kombe.

Neno moja nimelipiga marufuku mezani kwangu: ajabu. Mwaka 2025 ulipokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantumu (azimio lililopelekwa Umoja wa Mataifa na Ghana), tulijaza neno hilo kwenye mabango yetu wenyewe. Ukishamwambia mtu kwamba kwantumu haieleweki, umemwandalia mteja yule anayeuza vidani vya "nishati ya kwantumu" vya kuzuia mionzi ya simu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa za aina hiyo, ikatangaza kwamba 10 kati yake zenyewe zinatoa mionzi yenye madhara. Mama mmoja alikuja mezani kwangu amekivaa chake, akaniuliza kama ndiyo hii ninayofundisha. Nilimpa vipande vitatu azungushe mwenyewe.

Mara ya mwisho, binti wa kidato cha tatu aliuliza kitu ambacho sikuwa nimekipanga: ukiweka viwili katikati badala ya kimoja, kila kimoja kikipishana na mwenzake nyuzi 30? Tulipiga hesabu pamoja ubaoni. Kwa nyuzi 30 inapita robo tatu; robo tatu mara tatu mfululizo, kisha nusu yake kwa kipande cha kwanza: asilimia 21, dhidi ya 12.5 ya mwanzo. Vizuizi vimeongezeka na mwanga umeongezeka. Alinitazama kama niliyemdanganya, akachukua bahasha, akaenda nayo dirishani.