Ukivuta magogo na winchi, wacha trekta isimame

Tangu Julai 2023, vile Rais Ruto alitangaza hapo Molo kwamba ile marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 inaondolewa, kazi ya magogo imeanza kurudi huku kwetu Elburgon, Molo na Kuresoi, na kando ya msitu wa serikali kuna wakulima wenye mikalitusi yao shambani wanauza nguzo na kuni. Kitu kinanisumbua ni kwamba hiyo miaka yote wazee waliojua kuvuta gogo walienda kutafuta riziki kwingine, na vijana wenye wameingia wanajua trekta ya kulima, lakini winchi, ile mashine ya nyuma ya trekta inayokunja waya wa chuma kwenye drami, hawaijui. Mimi hufundisha madereva wa trekta, na nikiuliza darasa gogo linavutwa na nini wananijibu trekta. Hapana. Winchi ndio inavuta, trekta kazi yake ni kusimama imara.

Manake mtu akidhani trekta ndio inavuta, atafunga cheni kwa ekseli ama pale juu penye plau inashikiwa, halafu aingize gia. Gogo likikwama kwa kisiki, tairi za nyuma zinakataa kuteleza, basi mwili wa trekta wenyewe unazunguka juu ya ekseli na pua inainuka. Kupinduka nyuma hivyo kunachukua kama sekunde 1.5, na baada ya nusu ya huo muda hata ukikanyaga klachi haisaidii. Nimeona hii na macho yangu shamba moja upande wa Kuresoi, tairi za mbele zilipanda hadi usawa wa kifua changu, cheni ikakatika ndio trekta ikarudi chini, na kijana alishuka akakaa kwa nyasi bila kusema neno karibu nusu saa. Trekta hiyo haikuwa na ile fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Kama yako inayo, funga na mshipi, fremu bila mshipi inakuacha urushwe nje.

Sasa winchi. Rudisha trekta mpaka iangaliane na gogo moja kwa moja, ushushe lile bamba pana la chuma la winchi liume udongo, hand breki, gia niutro, ndio uwashe PTO, ule mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha winchi. Ukianza kuvuta bamba linazidi kuzama na trekta inakaliwa chini badala ya kuinuliwa. Waya usiende kando zaidi ya nyuzi 30 hivi, ukivuta ubavuni trekta inalala. Kama gogo liko pembeni, funga puli kwa mti mzima wenye mizizi mizuri upindishe waya hapo. Lakini elewa, waya ukigeuka kabisa kwenye puli, huo mti unabeba karibu mara mbili ya nguvu ya winchi, kwa hivyo cheni ya puli isiwe ile ya kufungia ng'ombe.

Watu hukadiria uzito vibaya sana. Gogo bichi la mkalitusi la mita 4, unene sentimita 40, ni kama nusu tani, na hiyo ni kabla ya matope ya mwezi wa nne. Likigonga kisiki usiongeze moto. Simamisha, legeza waya, hamisha cheni upande mwingine ili gogo lijibingirishe likizunguka kisiki.

Hapa kwa waya naomba mnisikize kabisa. Waya uliokazwa ukikatika unarudi kama fimbo, na hakuna mtu anaukwepa. Mbali na waya kuliko urefu wake wenye umetoka, hapo ndio pa kusimama, na usiwahi kukaa ndani ya ile kona waya umepinda kwenye puli, kwa sababu puli ikiachia, waya wote unapita hapo hapo. Kuruka waya ukiwa umekazwa pia wacha, hata kama ni haraka tu ya kuchukua panga. Na kabla ya kazi ukague: mahali umejikunja kama kona, mahali umekula kutu, mahali nyuzi zimekatika zimesimama kama miiba. Moja ya hizo ilinipita glavu ya kitambaa ikaingia kiganja cha kushoto hadi fundo la kidole, siku hizo nilikuwa nakagua kwa kupitisha mkono. Nunua glavu za ngozi, na waya ukaguliwe ukiwa umelala. Kwa drami acha mizunguko mitatu isitoke kamwe.

PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara 9 kwa sekunde moja. Kwa baridi ya Molo kila mtu amevaa koti refu na shali, na ule mhimili ukiwa umetolewa kifuniko chake cha plastiki, shali inashikwa mara moja. Kifuniko kikipasuka kazi isimame hadi kibadilishwe.

Kwa mteremko weka trekta juu uvute ukipandisha, gogo la kushuka linakimbia likufuate. Mwenye anafunga cheni ndio anatoa amri, mmoja tu, kwa mkono ulioinuliwa, sio kelele, manake pawasoo inanguruma na hamsikilizani. Gogo likifika kwa bamba legeza waya kwanza, halafu ufungue cheni ukiwa upande wa juu wa kilima.