Kukosa majivu si dhambi

Kila mwaka hapa Kampala utasikia: Mkatoliki asiyepakwa majivu Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, ametenda dhambi, na Kwaresima yake haihesabiki. Sivyo. Siku hiyo haimo kabisa katika sikukuu za amri, yaani zile ambazo Mkatoliki analazimika kwenda Misa. Majivu yenyewe, ambayo kwa desturi hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ni kisakramenti, yaani ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa, si sakramenti. Hata asiye Mkatoliki anaweza kupakwa. Linalodaiwa siku hiyo ni jingine: wenye miaka 18 hadi 59 hufunga, yaani mlo kamili mmoja tu, na kuanzia miaka 14 nyama hailiwi. Mayai ruksa, kwa hiyo rolex ya kando ya barabara, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, haina kosa (ukila tatu, huo si mfungo tena). Aliyebanwa na zamu kazini asihangaikie paji la uso. Atafute nafasi ya kuungama.