Kinga ya utumbo inawashwaje? Maswali na majibu

Seli zote za mwili si zina jeni zilezile, sasa inakuwaje hii iwe ya kinga na ile ya ini?

Ni zilezile ndiyo, ila kila seli inasoma sehemu tu, zingine zinabaki zimezimwa. Kuna protini ambazo kazi yake ni kukaa kwenye DNA na kuwasha au kuzima jeni kama swichi, kwa hiyo seli changa ya kwenye uboho ikipata protini fulani inaelekea huku, ikipata nyingine inaelekea kule.

Na utumboni ni seli gani?

Zipo nyingi, ila mimi naziongelea ILC3 maana wengi hawajawahi hata kuzisikia. Ni ndugu za seli T (zile seli nyeupe za damu zinazojifunza kumtambua mdudu) lakini hazisubiri kumjua mdudu kwanza, zenyewe ni za kinga ya kuzaliwa nayo. Protini inayoziwasha inaitwa RORγt, na panya wa maabara wasio nayo hawana ILC3 kabisa, hata tezi za limfu haziwaoti. Mwaka 2015 watafiti waliripoti watu 7 wenye hitilafu kwenye jeni ya kutengeneza protini hiyo, walikuwa wanasumbuliwa na fangasi za kandida zinazorudi rudi pamoja na bakteria wa jamii ya TB, ingawa hapo na seli T zao ziliguswa pia.

Zikishakomaa zinafanya nini?

Zinamwaga intaleukini-22, protini ya kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Seli za ukuta wa utumbo zikiipokea zinawasha jeni zao nazo, zinatoa protini za kuua bakteria, ute unaongezeka na palipochubuka panapona.

Chakula kinaingia wapi hapo?

Hapa ndo patamu! Ndani ya ILC3 kuna protini nyingine, AHR, hiyo inaamshwa na kemikali zinazotokana na kabichi, sukuma wiki, brokoli, na nyingine bakteria wetu wa tumboni wanazitengeneza wenyewe, ikishaamka inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazofanya ILC3 ziendelee kuishi. Mwaka 2011 panya waliolishwa chakula kisicho na hizo kemikali walipungukiwa ILC3, waliowekewa wakawa sawa. Vitamini A nayo ni hivyohivyo, mwili unaigeuza kuwa asidi inayofika mpaka kwenye DNA. Utafiti wa 2014 ulionyesha panya mama wakikosa vitamini A wakiwa na mimba, watoto wanazaliwa na tezi za limfu ndogo na hata wakikua kinga yao inabaki dhaifu, yaani chakula cha mama kinagusa kinga ya mtoto kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo mjamzito anywe vidonge vya vitamini A?

Hapana jamani, asijinunulie! Dozi kubwa inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Ale mchicha, karoti, viazi lishe, maembe, papai. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, tafadhali msiyaruke, kiukweli naumia nikiona mzazi anayapuuza.

Mtoto akiharisha, kabichi itasaidia?

Hapo usitegemee kabichi. Mpe ORS na zinki, aendelee kunyonya na kula, ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani au hanywi kitu, mkimbize hospitali sasa hivi.