Je, wajua mtumbwi wa gogo moja unaweza kuwa mpana kuliko gogo lenyewe?

Wengi huamini kwamba mvuvi wa mtoni akitaka mtumbwi mpana, hana budi kutafuta mti mnene. Hoja yenyewe inaelekea kuwa sahihi: kuchonga ni kupunguza, na tezo haiongezi kitu. Hata akiolojia huonekana kuikubali. Mtumbwi wa Pesse, uliopatikana Uholanzi mwaka 1955 na wenye umri wa takribani miaka 10,000, una urefu wa karibu meta 3 lakini upana wa sentimeta 44 tu. Ulichongwa katika shina la msonobari, nao haukuweza kulizidi shina hilo.

Huko Soomaa, kusini-magharibi mwa Estonia, mambo ni tofauti. Mtumbwi wa huko, haabjas, huchongwa katika gogo moja la mti wa aspeni, kisha gogo hilo hutanuliwa kwa maji na moto hadi mdomo wake uwe mpana kuliko mti ulivyokuwa umesimama.

Linalowezesha hayo ni lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Tabia yake ni kama ya nta: ikipata joto hulegea, ikipoa hukaza tena, safari hii katika umbo jipya. Ila lignini inataka na maji. Mti mkavu ukipashwa moto huanza kuungua kabla haujakubali kupinda. Uliolowa hulegea hata kabla maji hayajafikia kuchemka, na nyuzi zake husogea bila kukatika. Basi fundi humwaga maji ndani, huwasha moto nje, na kila mbavu zinapolegea hutia kijiti kirefu zaidi kati yake. Pole pole sana, maana ufa mmoja unamaliza kazi ya siku nyingi. Kadiri katikati inavyopanuka, kingo zake hushuka na ncha mbili huinuka zenyewe, bila kuchongwa. Hili ndilo linalonistaajabisha zaidi. Mwishoni hutiwa mataruma, yaani miti ya kukaza ndani ya chombo, ili mbavu zisirudi.

Yote hayo hutaka mbavu nyembamba na sawasawa. Kwa hiyo fundi hupigilia vijiti vya urefu mmoja kutoka nje. Akichonga ndani akakuta ncha ya kijiti, anajua pa kuishia. Mvuvi hupata chombo chepesi kinachopita kwenye maji ya kina kifupi, jambo kubwa mahali ambapo mito hufurika na kufunika mbuga na misitu. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka ustadi huu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Moto huu usichanganywe na ule wa kuchimbia gogo, ambao watu wa sehemu nyingi waliutumia kuunguza moyo wa mti kabla ya kuukwangua. Ndiyo maana masizi kwenye mtumbwi wa kale, peke yake, hayathibitishi kwamba ulitanuliwa.