Umesahau triga ya mwisho wa zamu? Sheria haisemi vile unavyoambiwa mezani

Kwenye mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering hakuna kitu kinacholeta kelele kama triga iliyosahaulika, na hasa hizi za mwisho wa zamu, maana mtu akishamaliza mambo yake anasema tu "zamu yako", akili ishahama, anakuja kushtuka mwenzake ameshavuta kadi. Hapo kila aliyesimama karibu anageuka jaji, na mengi yanayosemwa siyo kweli. (Triga ni ule uwezo wa kadi unaojiwasha wenyewe jambo fulani likitokea au muda fulani ukifika.) Naongelea mashindano ya kiushindani, siyo yale ya Ijumaa jioni dukani, huko nitagusa mwishoni.

"Mpinzani aliona akanyamaza, huo ni wizi."
Hapana. Triga zako ni mzigo wako. Mpinzani halazimiki kukukumbusha, akitaka atakukumbusha kwa hiari yake, akinyamaza hapewi adhabu yoyote. Wakongwe wengi wanabisha hapa kwa sababu zamani wote wawili mlibanwa mzikumbuke, lakini hiyo imeshabadilika miaka mingi. Asichoruhusiwa ni kukukimbiza ili uisahau, na hapo ndipo tunapoingia kwenye swali gumu zaidi.

"Ukishatamka 'zamu yako' triga imekufa."
Siyo haraka hivyo jamani. Kwa sheria za mashindano, kusema "zamu yako" ni kupendekeza njia ya mkato, kwamba turuke mpaka pale mpinzani anapopata nafasi ya kucheza ndani ya hatua ya mwisho ya zamu yako. Yaani hiyo hatua ipo, haijafutwa. Chukua Wilderness Reclamation, ile kadi ya 2019 iliyosumbua watu mpaka ikapigwa marufuku Agosti 2020 kwenye Standard (aina ya mashindano yanayotumia kadi za karibuni tu), yenyewe mwanzo wa hatua ya mwisho inanyoosha ardhi zako zote, yaani kadi zako za kulipia ulizokwisha kutumia zinakuwa tayari kutumika tena. Ukisema "zamu yako" huku mkono tayari unanyoosha ardhi, jaji mwenye busara ataona ni tendo moja umelipanga vibaya kidogo tu. Ukisema "zamu yako" ukaegemea kiti, mwenzako akanyoosha kadi zake taratibu akavuta na wewe unamtazama, hiyo imekupita. Na kama alivuta kadi kabla hujamaliza sentensi? Hajakupokonya kitu, sheria inasema wazi mchezaji hawezi kuifanya triga ya mwenzake ihesabike imesahaulika kwa kuharakisha mchezo. Ndiyo maana jaji akifika anauliza nani alisema nini, nani alishika kadi kwanza, ulikuwa umeshafanya nini, wengine wanaona anapoteza muda lakini jibu lote liko humo.

"Jaji ndiye anaamua kama inarudishwa."
Jaji anaamua kama imesahaulika au la. Ikishakuwa imesahaulika, kwa triga za kawaida ni mpinzani anayechagua iwekwe kwenye steki (foleni ya mambo yanayosubiri kutekelezwa) au iachwe. Ile ya kadi ya Teferi, Hero of Dominaria ya kunyoosha ardhi mbili, nani atakurudishia kwa hiari? Na ukichelewa sana, zamu zikazunguka, hata hilo chaguo halipo tena, mnaendelea na mchezo.

"Nikisahau kutoa sadaka, kiumbe ni changu."
Hii ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu inageuza usahaulifu kuwa mtaji. Kadi ya Sneak Attack inakuruhusu umshushe Emrakul, kiumbe kikubwa mno, kutoka mkononi kwa mana moja nyekundu (mana ni nguvu ya kulipia inayotoka kwenye ardhi), apige, halafu hatua ya mwisho ikianza umtoe sadaka, yaani umwondoe mezani. Umesahau? Bado ataondoka. Triga zilizocheleweshwa, yaani zile kadi inazozitega zije kujiwasha baadaye, kama kazi yake ni kutengua uhamisho wa kadi uliofanywa na uwezo uleule uliozitega, hazina muda wa kuisha, hata zikikumbukwa zamu mbili baadaye zinatekelezwa, mpinzani anachagua tu iwe sasa hivi au mwanzo wa sehemu inayofuata ya zamu. Na kwa kuwa hii triga kwa kawaida inamuumiza mwenyewe, unaandikiwa onyo. Sasa kama ulikumbuka ukaamua kukaa kimya ili Emrakul abaki, hilo halina uhusiano tena na kusahau, ni udanganyifu na adhabu yake ni kufukuzwa mashindanoni.

"Kila triga uliyosahau ni onyo."
Hapana, onyo ni kwa zile za kukuumiza. Kusahau kitu cha faida yako hakuna adhabu, hasara yenyewe inatosha. Na haiangaliwi hali ya mchezo wa leo, linaangaliwa lile triga inalofanya kwa kawaida.

Huko kwenye mashindano ya dukani mambo ni laini zaidi: kama kuiweka sasa hakuvurugi maamuzi ambayo watu wameshafanya jaji anaweza kuiweka tu, ila kama kadi inasema "unaweza" inachukuliwa kwamba ulikataa.

Watu wengi wanaweka dadu juu ya deki, ukienda kumaliza unaiona. Mimi ningekushauri zaidi ubadilishe mdomo, usianze na "zamu yako" kabisa. Anza na "hatua ya mwisho, nanyoosha ardhi", zinyooshe, subiri mwenzako aitikie, halafu ndiyo umpe zamu.